Atupele wawili, wodi moja

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa pili kazini, wodi ya wanawake katika hospitali ya wilaya huku Rungwe. Usiku tunakuwa mimi na mhudumu mmoja kwa wagonjwa 34. Majuma mawili yaliyopita nilimchoma antibayotiki ya seftriaksoni gramu 1 mgonjwa wa kitanda 9 badala ya wa kitanda 19. Wote wanaitwa Atupele. Sirinji nilikuwa nimeshazivuta zote na kuzipanga kwenye trei, nilipoita jina akaitika. Nilishtuka nilipofika kitanda 19. Hakudhurika, asubuhi alikunywa uji kama kawaida. Sikumwambia mtu. Tangu siku hiyo nikishika sirinji mkono unatetemeka. Yale mambo matano tuliyofundishwa chuoni nayajua, lakini usiku ule hayakunisaidia. Nifanye nini nisirudie? Na je, muda wa kusema umeshapita?

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona kosa moja, mara ya pili nikaona mawili. Umenieleza vizuri habari za Atupele wa kitanda 9, aliyepata dawa isiyo yake. Wa kitanda 19 umemtaja kwa namba ya kitanda tu. Yeye alipata dozi yake usiku ule? Dawa ikienda kwa asiyeandikiwa, yupo aliyeandikiwa ambaye ameikosa, na huyo husahaulika kwa sababu macho yote yako kwa mwenzake. Nitamrudia.

Yale mambo matano nimeyafundisha miaka mingi: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Baadaye likaongezwa la kuandika, na wapo wanaohesabu hadi kumi. Sina ugomvi nayo. Lakini hiyo ni orodha ya mambo yanayotakiwa kuwa kweli wakati dawa inaingia mwilini. Haisemi lolote kuhusu taa mbovu, trei iliyojaa, wala ndugu wa mgonjwa anayekuvuta sare. Muuguzi anaweza kuyakariri yote matano huku anamchoma mtu mwingine, na wewe ni shahidi.

Kosa lako lilizaliwa mezani, kwenye chumba cha dawa, pale ulipovuta sirinji ya pili ukailaza kando ya ya kwanza. Kichupa cha seftriaksoni kina jina. Ukishayeyusha unga na kuuvuta, jina limebaki kwenye kichupa na kichupa kimeingia kwenye ndoo ya taka. Kwenye trei una maji yenye umanjano kidogo, ambao chini ya balbu ya wodi hakuna anayeuona. Kuanzia hapo unategemea kumbukumbu: hii ya tatu kutoka kushoto ni ya nani? Saa 8 ya usiku, baada ya kupokea wagonjwa wapya watatu, kumbukumbu hiyo usiiamini hata kama ingekuwa yangu.

Kwa hiyo ninalokuomba ni jambo moja, na karibu yote nitakayoandika yanalizunguka hilo. Dawa ikiwa bado kwenye chombo chake chenye jina, faili la mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe, vikutane mahali pamoja, ndipo uvute. Uvute kando ya kitanda, dawa za mtu mmoja, uchome, usaini, ndipo usogee. Kama troli ipo, panga mafaili juu na dawa chini. Kama troli imekufa gurudumu, kama nyingi nilizozifahamu, beba trei yenye vitu vya mgonjwa mmoja tu.

Najua utakachosema: mama, wagonjwa 34! Zamu hizo nimezifanya. Hesabu kwanza wangapi kati ya hao 34 wana sindano saa hiyo. Mara nyingi hawafiki nusu. Halafu tazama saa zenyewe. Dawa za mara mbili kwa siku huandikwa karibu zote saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, jirani kabisa na kukabidhiana zamu, wakati ambao mmoja anawaza daladala na mwingine ndiyo kwanza anavua sweta. Mwombe inchaji, muuguzi msimamizi wa wodi, azungumze na madaktari, baadhi ya dozi zihamie saa 2 au saa 4. Si kila dawa inakubali kusogezwa. Artesuneti ya malaria kali ina saa zake, dozi ya kwanza, kisha baada ya saa 12, kisha baada ya saa 24. Magneziamu salfeti, ya kifafa cha mimba, ina saa nne zake. Insulini inaenda na chakula, na dozi ya kwanza ya antibayotiki kwa mgonjwa mahututi haisubiri mtu. Vidonge vya kuongeza damu vinaweza kusubiri nusu saa bila mtu kuumia. Panga mzunguko wako kwa kuangalia nani hawezi kusubiri, na mpangilio wa vitanda uje baadaye.

Na ikitokea umelazimika kuvuta dawa mbali na kitanda, sirinji ivae plasta kabla hujaiweka chini: jina kamili, namba ya faili, dawa, kiasi, saa. Sirinji isiyo na jina haina mwenyewe, itupe, hata kama una uhakika.

Sasa tuje kwenye jina. Huko kwenu Rungwe kina Atupele, Tupokigwe na Ambakisye wamejaa kila kijiji, na koo zao ndizo zilezile. Nenda Makete ukasimame mlangoni mwa wodi uite "Sanga", nusu ya vitanda vitaitika. Ukiuliza "Wewe ndiye Atupele?" unakuwa umeshampa jibu. Mama aliyeamshwa usingizini, ana homa, Kiswahili chake ni cha sokoni na sista amesimama mbele yake na sindano, ataitika kwa heshima. Ukimaliza kumchoma dawa ya mwenzake atakushukuru, "ndaga fijo". Muulize aseme mwenyewe: jina lako kamili nani? Umetoka kijiji gani? Tarehe ya kuzaliwa wengi wa bibi zetu hawaijui, lakini kijiji hakuna asiyekijua. Kisha linganisha na faili. Kama hawezi kusema, muulize anayemuuguza, naye kwa swali lilelile la wazi.

Namba ya kitanda usiifanye kitambulisho. Wewe ni wa huko, unajua baridi ya Juni na Julai. Mgonjwa aliyelazwa chini ya dirisha lisilofunga atahamia kitanda kilicho wazi karibu na ukuta, bila kumuuliza mtu, na alfajiri utamkuta amejifunika gubigubi kitanda 12 wakati faili lake linasema 7. Kama hospitali haina mikanda ya mkononi, plasta na kalamu vipo: jina na namba ya faili, kwenye kifundo cha mkono, siku anapolazwa. Wakilazwa wawili wa jina moja, weka alama nyekundu juu ya mafaili yote mawili, waombee vitanda vya mbali, na litajwe kila zamu inapokabidhiwa. Mhudumu wako wa usiku hana ruhusa ya kuhakiki dozi, lakini kusoma anajua. Akusomee jina la kwenye plasta wakati wewe unasoma la kwenye faili.

Hapa nichepuke kidogo, kwa sababu kuna kosa ambalo vitabu vya Wazungu haviliandiki na sisi tunalifanya kila siku: kosa la saa. Chati inaandikwa kwa saa za Kizungu, sisi tunazungumza kwa saa za Kiswahili. Chati ikisema 8:00, muuguzi aliyechoka anamwambia mwenzake "ana dozi ya saa nane", na dawa ya asubuhi inasubiri mpaka mchana. Mkikabidhiana kwa mdomo, taja saa ya Kiswahili na kipindi chake, saa 2 asubuhi, saa 8 mchana, huku kidole kiko kwenye chati. Anayeruhusiwa kwenda nyumbani naye usimwambie "kila baada ya masaa nane". Mwambie saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Na ile "1×3" tunayoiandika kwenye bahasha ya dawa, sisi tunasoma kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Nimewahi kukutana na mzee aliyekuwa akinywa kimoja kwa siku tatu kisha anaacha, na mwingine aliyemeza vitatu kwa mpigo. Wote wawili walikuwa wamesoma bahasha kwa makini.

Nikueleze langu, kwa kuwa wewe umenieleza lako. Jina la hospitali sitalitaja. Nilikuwa na miaka mitatu kazini, usiku wa Julai, umeme umekatika, mhudumu ananishikia tochi. Nilikuwa nayeyusha ampisilini. Nilichukua ampuli ya maji ya sindano kwenye boksi, nikaivunja shingo, sindano ikaingia kwenye ampuli. Yule mhudumu akasema taratibu, "Sista, mbona hii ina maandishi mekundu?" Ilikuwa potasiamu kloraidi ya asilimia 15. Mililita 10 za namna hiyo zina milimoli 20. Zikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa moyo unasimama. Potasiamu huingia kwenye dripu kubwa, dripu ikatikiswa vizuri, ikatiririka polepole, kwa kawaida isizidi milimoli 10 kwa saa moja. Ampuli mbili zinazofanana, boksi moja, giza. Nilikaa kwenye ngazi za nje nikalia, kisha nikarudi kumaliza dawa, kwa sababu nani mwingine angezimaliza?

Asubuhi nilimwambia inchaji. Alinikaripia, tena mbele ya wenzangu. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea: akalichukua boksi, akatoa ampuli zote za potasiamu, akazifungia kwenye kabati lake na kuanzisha daftari la kusaini. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kurudia kosa langu kwenye wodi ile, hata akiwa mzembe kuliko mimi. Fungua kabati lako leo utazame kilicholala pamoja. Ukihamishiwa wodi ya wazazi utakuta trei moja ina vitamini K ya kichanga, oksitosini na ergometrini ya mama, ampuli tatu ndogo kama mapacha. Wapo watoto duniani waliochomwa ergometrini kwa kudhaniwa ni vitamini K, wakapata degedege na kushindwa kupumua. Tenganisha trei ya mama na ya mtoto. Benzathini penisilini, ile nyeupe kama maziwa, ni ya msuli peke yake. Isikaribie mgonjwa mwenye kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa, bila wewe kusoma kichupa tena. Ukiona ampuli za dawa mbili zimetengenezwa kufanana mno, mwambie mfamasia, naye ana njia ya kuifikisha habari hiyo TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambao wana ofisi ya kanda Mbeya.

Kuhusu hesabu nitakuwa mfupi, maana kosa lako halikuwa la hesabu. Andika 0.5, usiandike .5, maana nukta ikififia inakuwa 5. Andika 1, usiandike 1.0. Insulini andika neno "uniti" lote, kwa sababu herufi U baada ya 10 husomeka kama sifuri na mgonjwa akapata 100. Magneziamu ya kuanzia ya gramu 4, kwa ampuli za asilimia 50, ni mililita 8, unaongeza maji ya sindano mililita 12 zipatikane 20 za asilimia 20, unasukuma polepole. Kabla ya kila dozi inayofuata hesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika, gonga goti uone kama mguu unaruka, pima mkojo, usipungue mililita 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga magneziamu ikizidi, iwe karibu. Soma ukubwa wa ampuli kila mara, usizoee, maana stoo inaweza kuleta za ukubwa mwingine bila kukuaga. Uko peke yako? Piga simu wodi ya jirani mtu ahesabu upande wake bila kusikia jibu lako, ndipo mlinganishe. Daktari akiagiza kwa simu, andika huku unasikiliza, msomee ulichoandika, na namba itaje tarakimu moja moja: kumi na tano na hamsini za Kiingereza hufanana sana kwenye simu yenye mikwaruzo.

Usikubali pia kuitwa ovyo ukiwa kwenye dawa. Watafiti waliwafuatilia wauguzi 98 katika hospitali mbili za Sydney, matokeo yakachapishwa 2010: kila muuguzi alipokatizwa mara moja, makosa yaliongezeka kwa zaidi ya asilimia 12. Wewe unakatizwa mara ngapi kabla hujamaliza safu ya kwanza ya vitanda? Mwambie mhudumu wako awe mlinzi wa dakika hizo. Anayekuja ajibiwe "sista yuko kwenye dawa, kaa hapo", isipokuwa mtu anatoka damu au hapumui. Na ukikatizwa katikati ya kuhesabu, anza upya. Usidandie palepale ulipoachia.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike. Muda haujapita. Ila nikuonyeshe kwa nini saa bora zaidi ilikuwa usiku uleule. Tuseme Atupele wa kitanda 9 alikuwa na mzio wa dawa hizo. Saa 10 usiku anavimba midomo, pumzi inabana. Unamwita daktari, anafungua faili, haoni antibayotiki yoyote. Anawaza pumu, anawaza moyo. Dakika zinakwenda, wakati alichohitaji ni adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, nusu mililita ya ampuli ya miligramu 1 kwa mililita, na wewe peke yako ndiye unayejua kilichomo mwilini mwake. Ungesema wakati huo? Naamini ungesema. Lakini hofu iliyokufunga mdomo majuma mawili ingekula dakika mbili tatu, na mtu anayebanwa pumzi hana dakika za kukopesha.

Sikudanganyi kwamba kusema hakuna gharama. Mwaka 2017 huko Nashville, Marekani, muuguzi alitakiwa kumpa mgonjwa midazolamu ya kumtuliza, akachukua vekuroniamu, dawa inayopooza misuli hadi ya kupumulia. Aliandika herufi mbili za mwanzo kwenye kabati la kompyuta, akaruka onyo, akatoa iliyotokea. Mgonjwa alifariki. Muuguzi alikiri mapema, na bado Machi 2022 mahakama ilimtia hatiani. Mei akahukumiwa miaka 3 ya uangalizi nje ya gereza. Wauguzi wengi walisema hukumu ile itawafundisha wenzao kunyamaza, na nadhani hawakukosea. Mimi kuna kitu kimoja kwenye kesi hiyo ambacho hakinitoki. Dawa aliyotakiwa kutoa huja ikiwa maji tayari. Aliyoishika ilikuwa unga, ikabidi aiyeyushe. Mikono yake ilifanya kazi ambayo dawa ile haijawahi kuidai. Mkono ukishangaa, simama. Wako unaotetemeka usiuonee aibu, unakuuliza swali. Ujibu kwa kusoma kichupa tena, kwa sauti.

Kwa hiyo kesho mwombe inchaji dakika kumi, faragha, mbali na dirisha la wodi. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, pamoja na trei. Andikeni taarifa ya tukio. Kwenye faili usifute wala usichomeke kitu kwenye mstari wa usiku ule. Andika maelezo mapya kwa tarehe ya siku unayoandika, ukitaja tukio lilikuwa lini na saa ngapi. Kosa la dawa bodi ya hospitali, hata Baraza la Uuguzi na Ukunga, wanaweza kulielewa. Chati iliyofutwa ni shauri jingine kabisa, na hapo sitakutetea. Inchaji akikukaripia, vumilia, kisha mwombe mambo mawili: dozi za saa 12 zigawanywe, na wenye majina yanayofanana wawekewe alama. Daktari ndiye aamue namna ya kumwambia Atupele wa kitanda 9, na wewe uwepo akiambiwa. Kama ameruhusiwa, simu yake au ya ndugu yake imo kwenye faili.

Kabla ya yote hayo, toa faili la kitanda 19. Tazama usiku ule kwenye chati. Kama kuna saini yako mbele ya seftriaksoni na hakuchomwa, basi kuna dozi iliyoandikwa ambayo haikuingia mwilini, na daktari aliyempima kesho yake aliamini imeingia. Labda alibadilisha dawa kwa kudhani ile imeshindwa. Labda bado yupo wodini. Anzia kwake.